Foleni ya Kipa

Kila Jumatano baada ya mazoezi, mashabiki walipanga foleni nje ya geti la klabu kutafuta saini. Foleni ya mshambuliaji ilizunguka ukuta. Ya kipa haikuzidi watu wanne. Bi Tazuko, muuza tofu, ile jibini ya soya, alisimama kwenye ile ndefu miaka sita, na kwa kuwa ilikwenda polepole, alipata muda wa kumtazama kipa: alivyovua kofia mbele ya kila mtu, alivyouliza jina linaandikwaje, alivyobana kalamu kwa kidole kilichovunjika kikapona kimepinda, akaandika taratibu kama mtu anayejaza fomu ya serikali.

Jumapili moja, dakika ya mwisho ya mechi, mpira mwepesi ulimponyoka kipa na timu ikashuka daraja. Jumatano iliyofuata wachezaji walipitia mlango wa nyuma. Kipa peke yake ndiye aliyetokea getini.

“Mshambuliaji ameshaondoka, mama,” alimwambia Bi Tazuko kwa sauti ya chini.

“Najua. Nimekuja kukugombeza wewe.”

Akavua kofia. “Haya, mama.”

“Mpira ule, mbona hukuupiga ngumi?”

“Niliona nitaudaka.”

“Uliona vibaya.”

“Ndiyo, mama. Niliona vibaya.”

Bi Tazuko alikuwa na mengine, lakini akasogea pembeni kumpisha aliyefuata. Nyuma yake watu walishajipanga hadi kwenye kona ya ukuta, kila mmoja na lake moyoni. Kipa aliwasikiliza mmoja mmoja bila kujitetea, na mvua ilipoanza kunyesha hakuna aliyeondoka.