Kifundo Kimoja cha Antena

Gaffar alikuwa na duka la redio katika barabara ya Ndia Kuu, na mwaka wa 1947 alijipa cheo cha mvumbuzi. Alikuwa amebuni kifundo kimoja cha kuzungusha kwa vidole, kinachorekebisha antena wakati wa kurusha sauti na wakati wa kuipokea. Zamani vilihitajika vifundo viwili, taabu ambayo, kwa maelezo yake, ilikuwa imewatesa wanadamu vya kutosha.

Aliyemsaidia kukiunda ni shemeji yake Adamji wa mtaa wa Tudor, ambaye baadaye alikumbuka kwamba mvumbuzi hasa ni yeye. Adamji akawahi kuomba hataza, ile haki ya kumiliki uvumbuzi, akapewa. Gaffar akakata rufaa, na salamu zikakatika mwaka mzima.

"Mwambie kaka yako ni mwizi," alimwagiza mkewe, Sugrabai.

"Naye kaniagiza nikwambie hivyo hivyo. Mimi siendi Tudor kwa neno moja."

Siku ya rufaa, mawakili walibishana kuhusu mawimbi tangu asubuhi, na jaji akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa. Mwishowe akaamuru kifundo kijaribiwe. Lakini chombo cha kuongea kwa mbali chataka watu wawili. Basi Adamji akapelekwa kwake, kwenye mtambo wake, na karani Kioko awe shahidi, Gaffar akabaki mahakamani na mtambo wa pili, na mahasimu wakaamriwa kisheria wazungumze.

Gaffar akazungusha kifundo. "Adamji, wanisikia?"

Kisha sauti ikatoka, safi kabisa. "Nakusikia. Sugrabai hajambo?"

"Hajambo. Goti lako laendeleaje?"

"Bado lauma. Wewe ndiwe uliyekuwa ukinipeleka kwa tabibu."

Gaffar akajipangusa macho, akasingizia joto. Wakaongea juu ya goti, kisha posa ya Zarina binti Gaffar, mpaka jaji akakohoa.

Hukumu ilikuwa ya haki tupu: kifundo kinafanya kazi vizuri sana, ila kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa nacho tangu kabla ya vita. Adamji akanyang'anywa hataza, Gaffar asipewe. Polisi nao wakachukua mitambo yote miwili, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na leseni ya kurusha sauti. Amri ya jaji, walieleza, si leseni.

Jioni Adamji alifika kwa Gaffar akichechemea, akala sahani mbili za pilau. Kufikia wakati wa kahawa walikuwa wamekubaliana kwamba uvumbuzi ule ni wao wote wawili, na kwamba jaji hajui kitu.