Cherehani Kwenye Simu ya Mezani

Fundi wetu wa kutengeneza cherehani, tuliyemwita Masikio, alipohamia ng'ambo kwa bintiye, alihama na simu yake ya mezani pamoja na namba yake. Binti alinunua kikasha cha kuunganisha simu na intaneti, na ile simu ya mezani ya zamani ikawa inalia sebuleni kwa binti kana kwamba fundi hajatoka mtaani kwake.

Asubuhi moja ikalia. Alikuwa mshonaji, mteja wake wa miaka mingi, ambaye hakuwa na habari ya safari.

"Masikio! Njoo mbio! Bibi harusi anafuata gauni saa sita, na cherehani imenigomea."

"Nipo mbali kidogo, dada. Weka simu karibu na gurudumu, halafu zungusha."

Binti akamnyooshea simu ya mkononi. "Baba, mpigie kwa hii, haina makelele."

"Ndiyo ubaya wake, mwanangu. Inachuja makelele, na mimi nayataka hayo hayo."

Akafumba macho. Tk, tk, kimya, tk.

"Uzi umenasa chini ya bobini. Itoe, piga brashi, tia tone la mafuta."

Baada ya dakika chache cherehani ikaanza kukimbia, laini, bila kujikwaa. Mshonaji akacheka kwa sauti.

"Mungu akuweke! Pita jioni unywe chai."

"Niwekee tu, ila nitaikuta imepoa," alisema fundi, na binti akaziba mdomo asiangue kicheko. "Usikate simu kwanza, dada. Shona mpaka mwisho wa pindo, nisikie."