Nilichomjibu Baba Juu ya Mwanzo wa Ulimwengu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyoshuka kwenye treni pale Kaliua, mchana wa jua kali, nikiwa na miaka kumi na tisa na kichwa kilichojaa mambo ya shule. Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Nilisoma sekondari Tabora mjini, na kijijini kwetu tuliofika huko tulikuwa wawili tu.

Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa kanisa letu. Nilimkuta kitandani, kifua kimemwishia nguvu, sauti imebaki ya kunong'ona.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa hapa karibu." Nilipokaa akauliza, "Huko shuleni wanasemaje juu ya mwanzo wa vitu vyote? Niambie, maana mimi niko safarini."

Mwalimu wetu wa fizikia, Mwalimu Kapela, alikuwa ametufundisha kwamba nyota, makundi kwa makundi, zinazidi kuachana. Ukirudi nyuma kwa hesabu, unakuta vyote vilibanana mahali padogo kuliko punje ya uwele, penye joto lisilosemeka. Na hapo hesabu zinagoma. Kanuni ya uvutano, huo unaoangusha jiwe na kuushika mwezi, inasema lake. Kanuni za vitu vidogo kabisa zinasema lao. "Hapo sijui," alituambia, "wala sijasikia anayejua."

Nilimweleza baba vizuri tu, mpaka kwenye ile punje. Akauliza, "Na kabla ya hapo? Alikuwapo nani?"

Ningesema sijui, yangeisha. Lakini niliona haya, msomi mzima, kukwama mbele ya mzee wa kijijini. Nikasema, "Hakuwapo yeyote, baba. Wataalamu wameshathibitisha."

Alivuta blanketi taratibu. "Basi nimewazika watu wengi kwa uongo," alisema, akageukia ukutani.

Nilitoka chumbani nikijua nimedanganya. Nikajiambia nitamsahihisha akipata nafuu. Kesho yake sauti ilikatika kabisa. Nilimshika mkono, nikamwambia mara tatu kwamba nilikosea. Sikuona hata jicho likitikisika. Tulimzika Jumamosi.

Niliporudi Tabora nilimsimulia Mwalimu Kapela. Nilitegemea pole.

"Mimi nilikufundisha hivyo?" aliuliza.

"Hapana, mwalimu."

"Babu yako alibeba pembe kutoka Ujiji mpaka pwani, ulituambia mwenyewe. Kama kiongozi wa msafara angewaambia mbele hakuna maji, na yeye hajafika huko, si wangekaa chini wafe? Ndivyo ulivyomfanyia mzee wako. Nilikupa sijui yangu, ukaigeuza najua."

Akatoka, akaniacha darasani peke yangu.

Nimezeeka sasa. Nasikia wataalamu bado wanahangaika kuzipatanisha zile kanuni, na wala hawaoni aibu kusema hawajafika. Mimi niliona aibu kwa niaba yao, na baba akaondoka na huzuni niliyompa mimi.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu: soma mpaka elimu yako inapokoma, na hapo simama, useme ndipo inapokoma. Usizibe pengo kwa maneno yako, hasa mbele ya mtu anayekuamini. Na ukishakosea, usingoje kesho kusahihisha.

Mungu akujalie kujua mengi, na siku usipojua, akupe ulimi wa kusema hivyo mapema, wazazi wako wangali wanakusikia.