Siku Niliyomwandalia Chai Msimamizi wa Mtihani

Waliokuwapo siku ile niwataje kwanza, asije mtu akasema nimetunga: mimi mwenyewe Feza, mwenye nyumba na mwenye aibu; mjukuu wangu Neema, anayeniita Koko, yaani bibi, mtoto wa binti yangu Furaha; Hajati Zaituni wa Jinja, jirani yangu wa mlango wa pili; Mama Sifa wa Uvira kama mimi, ambaye tunaimba naye kwaya; na Mama Jolie, Mrundi, aliyeolewa na mdogo wake Mama Sifa. Halafu kulikuwa na mwanamume mmoja, Gerald, ambaye alikuwapo na hakuwapo, mtaelewa mbele. Aibu yenyewe haijaniisha mpaka leo, nikiikumbuka ndani ya treni nacheka peke yangu na Waswidi wanahama kiti.

Mwaka ule Neema alikuwa amemaliza sekondari na akili yake yote ilikuwa Marekani, kwa mjomba wake Dieudonné, mwanangu wa pili, ambako chuo kimoja kilikuwa kimekubali kumfundisha uuguzi. Nikamwambia, mtoto wewe, hapa Sweden chuo ni bure, wengine wanavuka bahari kuja kusoma, na wewe unaikimbia bure kuifuata ada? Akanijibu kwa Kiswidi, maana akikasirika Kiswahili kinamtoroka. Basi. Lakini ada ya kule ilikuwa ya kutisha, na Dieudonné alisema wazi kwenye simu: "Mama, mwaka wa kwanza mzima siuwezi. Apunguze masomo kabla hajaja, la sivyo asije." Hapo ndipo tulipoingia kwenye mambo ya krediti: unasoma somo kwenye mtandao kwa bei nafuu, unafanya mtihani, ukifaulu chuo kinalihesabu somo hilo kana kwamba umelisomea kwao, na ada yake hawakudai.

Neema alizilinganisha kampuni za masomo hayo mezani kwangu kama watu wanavyowalinganisha wachumba. Ya kwanza ilikuwa bure kabisa, masomo mazuri, walimu wenye sauti tamu, ila mwisho wake inakupa cheti tu, na chuo kilipoulizwa kikasema cheti hicho hawakitambui. ("Mchumba mwenye maneno mengi na hana ukoo," nikasema.) Ya pili chuo kiliitambua, lakini unalipia kila somo peke yake, na mtihani wake unafanyiwa ukumbini, na ukumbi wa karibu uko London. (Mchumba anayetaka bibi harusi ajipeleke mwenyewe, toba!) Ya tatu unalipa kwa mwezi, ukisoma mbio unamaliza mapema na pesa inakubakia, chuo kinaitambua, na mtihani unaufanyia nyumbani kwako huku msimamizi anakuangalia kwa kamera ya kompyuta. Nikapiga meza. "Huyu! Anayekuja nyumbani ndiye mwenye nia."

Neema akacheka. "Koko, hiyo nilishaichagua tangu jana."

Shida ni kwamba nyumbani kwao Vårby gård kuna kaka zake na televisheni isiyojua kuzimwa, kwa hiyo nikamwambia, mtihani njoo ufanyie kwangu Fisksätra, kwangu ni kimya. Na kweli ni kimya, isipokuwa Jumamosi hiyohiyo wanawake walikuwa wanakuja kwangu kupika chakula cha ubatizo, na badala ya kuwaambia wapikie kwa Mama Sifa kule Tumba, nikawaza: jikoni kuna mlango, tutaufunga. Kaneno hako kadogo, "tutaufunga", ndiko kalikonimaliza.

Neema akafika na kompyuta yake mgongoni, akaipanga sebuleni, akaja kutuaga jikoni kama mtu anayekwenda kujifungua. "Koko, snälla, tafadhali, msipige kelele. Kuna mtu ataniangalia mwanzo mpaka mwisho."

"Mtu gani?"

"Msimamizi. Yuko Marekani." Akafunga mlango.

Tukapika kwa kunong'ona. Sombe, majani yetu ya muhogo, ilikuwa imekwisha kutwangwa, nilimshukuru Mungu kwa hilo, na Hajati alikuwa anakunja sambusa, lakini moyo wangu haukutulia hata kidogo. Mwisho nikasema, "Jamani, nina mgeni humu ndani na hakuna aliyemsalimia."

"Mgeni yupi?" akauliza Hajati.

"Huyo anayemwangalia mtoto."

"Lakini yuko Marekani, Mama Feza," akasema Mama Jolie.

"Na macho yake yako wapi?"

Mama Jolie akafikiri. "Macho... ni kweli, yako sebuleni kwako."

"Tena kwao sasa hivi ni usiku wa manane," Hajati akaongeza, "maskini, watu wamelala yeye anafanya kazi."

Ilitosha. (Mtoto alitukataza kelele, salamu hakuzikataza, ndivyo nilivyojiambia.) Nikajifunga kitenge changu kizuri, nikapanga chai na sambusa kwenye sinia, nikaingia. Pembeni ya kioo cha kompyuta kulikuwa na kijana wa miwani amevaa vitu masikioni. Nikainama kidogo, nikasema, "Karibu sana, baba, hapa ni kwako," nikaiweka chai mbele ya kamera aione. (Kuinywa hawezi, najua, mimi si mjinga kiasi hicho, lakini mgeni lazima aone kwamba alifikiriwa.)

"Koko, nej, nej, toka," akasema Neema bila kufungua meno.

Yule kijana akawa anaongea, tena kwa upole, nami Kiingereza changu kinaishia kwenye "tenkyu". Nikaita, "Hajati! Njoo unitafsirie mgeni!" Akaja na unga mpaka viwikoni. Akasikiliza, akasema, "Anaitwa Gerald. Anauliza humu kuna nani na nani, na anataka kompyuta izungushwe akione chumba chote."

Sasa niambieni nyinyi, mtu aliyelelewa na mama yangu angeelewa nini? Mgeni anataka kujulishwa kwa watu wa nyumba! Neema alikuwa ameziba uso kwa mikono, kwa hiyo kompyuta niliizungusha mwenyewe, taratibu, nikawaita wa jikoni wajipange. Mama Sifa akajitambulisha, yeye na marehemu mumewe Lukumba na watoto wao kwa majina. Mama Jolie akasalimia kwa Kifaransa, ili asionekane hajasoma. Hajati anatafsiri mbio kama mtangazaji wa mpira.

"Mwambie amsalimie mke wake," nikasema.

"Anasema hana mke. Anasema tafadhali tutoke."

"Ana haya tu. Basi amsalimie mama yake."

Na tungetoka, naapa, ila Mama Sifa akaona si vizuri kuondoka bila kumwombea mtoto, tukamwekea Neema mikono kichwani sote, na Mama Sifa akamwomba Mungu ampe majibu yote bila kubakiza hata moja, na Hajati, ambaye ulimi ulikuwa umeshashika kasi, akamtafsiria Gerald na hayo pia.

Kioo kikawa cheusi.

Neema hakupiga kelele. Alisema polepole, kwa Kiswahili, na hicho ndicho kilichonichoma: "Wamefunga. Wakiandika kwamba nimeiba mtihani, Koko, chuo hakinichukui tena."

Nilitamani anitukane. Ubatizo ulipikwa kwa machozi, na Furaha akanipigia simu kutoka kazini, "Mama! Umemfanya nini mtoto?" nikampa Hajati aseme naye, mimi sikuweza.

Hajati huyohuyo ndiye aliyewapigia watu wa kampuni na kuwaeleza mila zetu mpaka sikio likawa moto. Wakasema wataitazama picha yote iliyorekodiwa, tusubiri. Jibu lilipokuja, Neema alinisomea akiwa amesimama: wameona hakuna aliyeyatazama maswali wala yeye hakugusa kitu, atarudia kwa maswali mapya, peke yake. Na Gerald mwenyewe alikuwa amewaandikia kwamba katika chumba kile hakuona wizi, alisalimiwa tu.

Akarudia kwenye chumba cha maktaba. Siku hiyo Furaha alinikalisha Vårby gård mbele yake, simu yangu akaiweka juu ya kabati, nikienda chooni ananifuata mpaka mlangoni. Yaani mtihani ni wa Neema na msimamizi nimewekewa mimi! Jioni Neema akaja mbio ngazini, viatu mkononi, "Koko, nimefaulu!" na chuo kikalihesabu somo hilo na mengine yaliyofuata, na Dieudonné akasema sasa ada ataiweza, aje.

Tangu hapo nimeapa: mtu akifungua kompyuta nyumbani kwangu, hata kama anatazama mpira, mimi nakaa jikoni na chai yangu, na aliyemo ndani ya kioo tutasalimiana mbinguni.

Ndivyo ninavyokumbuka. Mama Sifa anadai aliyeanza kuweka mikono kichwani ni Mama Jolie, na Mama Jolie anasema yeye alikuwa bado ameshika mwiko. Mliokuwapo, kama nimekosea nisahihisheni, na kama kuna amjuaye Gerald, naye anisahihishe.