Mlango wa chumba chetu cha kupanga

Juzi, hapa Masasi, nilimwona mwenye nyumba akimng'olea mpangaji mlango. Nilipokuwa mdogo kule Newala, hivyo ndivyo wapangaji walivyofukuzwa.

Alasiri moja iliyojaa moshi wa korosho, mama akiwa shambani, mwenye nyumba wetu, Baba Salumu, alikuja na nyundo. Niliukumbatia mlango, bawaba zikilia juu ya kichwa changu.

"Shikamoo, baba. Usitufukuze!"

"Marahaba. Nani kakufukuza? Nauazima tu. Achia, mwanangu!"

Mlango ulipong'oka, wanaume waliokuwa wakingoja nje wakamlaza jirani yetu, Mama Zuhura, juu ya mlango ule, wakaondoka naye mbio huku akilia. Leo najua walikuwa wakimwahisha zahanati akajifungue. Siku ile nilianza kufunga nguo zetu kwenye kanga, nikiamini Mama Zuhura kafukuzwa na zamu yetu inafuata.