"Wanasema Ageuke": Mchora Majalada Aliyetaka Kujua Wanaosema ni Akina Nani

Mashine ya kukatia karatasi inanguruma, lakini yeye ni kama haisikii. Ameinamia simu, miwani imeteremka puani, anasoma ujumbe uleule wa mteja kwa mara nyingine. "Kazi nzuri sana, mama. Hongera." Anaigeuza simu kifudifudi mezani.

"Mtu akikuambia nzuri sana na hasemi kilicho kizuri, mimi nashika mkoba wangu," anasema.

Wateja wa duka hili la uchapaji, lililojibana chini ya ngazi, humwita Mama Majalada. Anatengeneza kadi za harusi, kalenda na matangazo ya mazishi. Ila kazi aipendayo ni jalada la jarida la wanafunzi wa chuo kilicho ng'ambo ya barabara. Ndiyo kazi pekee inayotoka na jina lake.

Na ndiyo iliyomfundisha kutoamini sifa.

Kwa toleo la mwaka jana alichora msichana amekaa peke yake maktabani, amempa msomaji mgongo, anatazama nje dirishani. Alipokuwa akimchora alimfikiria binti yake, aliyekwenda kusoma mbali.

Mhariri wa jarida, mwanafunzi mpole anayepiga hodi hata mlango ukiwa wazi, alilisifu jalada. Kesho yake akarudi na maoni. "Wanasema ageuke." Mama akamgeuza. "Wanasema atabasamu." Akamtia tabasamu. "Wanasema dirisha lifungwe."

Hapo machale yakamcheza.

"Nikamuuliza, 'Mwanangu, hao wanaosema ni akina nani?' Akatazama viatu vyake."

Dada yake, anayejalidi vitabu katika duka hilohilo, alimshauri afunike kombe. "Nilimwambia, mteja akitaka ng'ombe mwenye mabawa, mchoree," anasema bila kuinua uso kwenye gundi. "Lakini huyu akishashuku jambo, hali wala halali."

Mama Majalada aliushuku uongozi wa chuo. Alikuwa amesikia wanafunzi wakinung'unikia maktaba yao, na katika lile dirisha la kufungwa akanusa njama. Kisha akamshuku mchoraji mwingine anayeinyemelea kazi. Akamshuku hata dada yake.

"Mimi!" anadakia dada, na sasa gundi inawekwa chini.

Mwishowe alilikunja jalada lile la kwanza, akavuka barabara, akaingia kwenye mkutano wa kamati ya jarida bila kualikwa. Akalitandaza mezani. Wanakamati wakatazamana. Hakuna aliyewahi kuliona.

Waliokuwa "wanasema" ni mhariri peke yake.

"Niliogopa," mhariri anakiri leo, akicheka kwa aibu. "Mimi ndiye niliyempigania mama apewe kazi. Nikawaza, wakilicheka jalada, wamenicheka mimi. Nikawa nabuni watakachosema, nikirekebishe kabla hawajasema."

Mama alikuwa tayari kumpa maneno yake. Kabla hajafungua kinywa, msichana aliyekaa mwisho wa meza akasema, "Lakini huyu yuko peke yake. Nani anapata kukaa peke yake maktaba? Sisi tunabanana, wengine wanasomea sakafuni."

Chumba kizima kikaangua kicheko.

"Hilo liliniuma kuliko ule uongo," anasema Mama Majalada, akivua miwani. "Nilikuwa nimechora upweke wangu, nikawavisha wao. Na kumbe yule kijana, kwa woga wake wote, hakuligundua hata yeye."

Alirudi dukani, akaanza upya. Safari hii alichora migongo mingi, viwiko juu ya viwiko, na kitabu kimoja kinachosomwa na watu watatu. Dirisha akaliacha wazi. Jarida lilipotoka, wanafunzi walijitafuta kwenye jalada. "Huyu mwenye kiatu kilichochanika ni mimi!" mmoja alipiga kelele kibarazani, kwa fahari kabisa.

Sasa anaandaa toleo lijalo, na hataki maoni ya kuletewa. Muhula ukianza ataingia bwaloni wakati wa chakula na michoro mitatu isiyo na jina lake, aiache mezani, kisha akae pembeni kama mgeni anayemsubiri mtu.

"Wakijua ni yangu watanisifu tu," anasema.

Na wakiisifu bila kujua?

Jicho moja linamwelekea dada yake.

"Hapo nitataka kujua nani amewaambia kwamba nakuja."