Nilitumwa Kianyaga Kuchukua Sanduku

Safari hii sikuiomba. Nilipewa huko Wamagana, kwenye mkutano wa walimu wa kujitolea, nikiwa nimejaza mdomo nduma, yale magimbi ya kuchemsha, na mtu mwenye nduma mdomoni hana nafasi ya kukataa. Sisi ni walimu wa shule za msingi ambao likizo ikifika, badala ya kupumzika kama watu wenye akili zao, tunaongoza maduara ya kusoma ya watu wazima: wakulima, wauzaji wa sokoni, akina mama ambao shule iliwapita wakiwa wadogo. Kila duara hupewa sanduku la mbao lenye vitabu, na masanduku ni machache kuliko watu wanaoyataka.

Mwenyekiti wetu, Mwalimu Gachanja, ni mstaafu anayetuongoza kama bado tuko gwaride la asubuhi. Alisema duara la Kianyaga limekufa. Watu walijaa mwanzoni, kisha wakapotea wote kwa mpigo. Na kule Mwea kulikuwa na kikundi kinachosubiri sanduku tangu mwaka jana.

"Zainabu, wewe watoto wako ni wakubwa," aliniambia. "Enda uchukue hiyo sanduku upeleke Mwea. Kitabu haiwezi kukaa kwa giza na kuna mtu anaitaka."

Nikameza nduma, nikakubali. Hata mimi niliona ni haki.

Nyeri mjini, Jumatatu asubuhi. Niliondoka kwetu Majengo na shemeji yangu Twahiri, mdogo wa mume wangu, ambaye huuza leso na mapazia katika masoko ya mlimani. Probox yake ilikuwa imejaa mpaka dirishani, nami nikabanwa kwenye kiti cha mbele, furushi la mapazia likiniegemea shingoni. Ilikuwa likizo ya Aprili na mvua imeshika. Mlima wenyewe ulikuwa umejifunika wiki nzima, na watu wa Nyeri walikuwa wamekwisha acha kuutafuta.

"Shemeji, na hivyo viatu unaenda harusi ama Kianyaga?" Twahiri aliniuliza.

"Wewe endesha gari. Ukiendelea, nitamwambia mama aache kukutafutia mke."

"Mwambie. Nitakuwa nimepumzika."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Shemeji na shemeji hatuna breki ya maneno, na safari na Twahiri ni kucheka njia nzima na kumlaumu kwa kila shimo la barabara.

Karatina tulisimama ili ampelekee mteja wake mzigo. Nilikula chapati na maharagwe katika hoteli moja nyuma ya soko, nikanunua ndizi, na Twahiri akarudi akanilia nusu bila kuuliza. Kutoka hapo tukashika njia ya Kerugoya. Ukishapita Kerugoya na kuanza kupanda, nchi yote inakuwa ya majani chai, kijani kilichokatwa sawasawa, na udongo mwekundu unaingia mpaka kwenye soksi. Viatu vyangu vilikuwa vimepata aibu yao kabla sijafika.

Kianyaga, saa sita na kitu. Mwalimu Wanjira alikuwa akinisubiri barabarani na mwavuli na gambuti, viatu virefu vya mpira. Ni msichana wa Murang'a, ameajiriwa Kianyaga juzijuzi tu, na alikuwa amejitolea kuongoza duara kwa moyo wote. Twahiri akatuacha akaenda zake kuuza Kerugoya, tukikubaliana angenichukua siku ya pili. Wanjira akanipeleka kwenye chumba cha mbao kando ya kanisa. Viti vilikuwa vimepangwa vizuri mno, ubao umefutwa, na karibu na mlango kulikuwa na sanduku. Alikuwa ameshalifunga kwa kamba ya katani.

"Beba tu, Mwalimu," alisema bila kuniangalia. "Mimi nimejaribu."

Nikamwuliza ilikuwaje.

"Sijui. Nilifanya vile tunafundishwa. Mwenye anajua nikamweka na mwenye hajui, wasaidiane. Kabla niwapange hivyo ilikuwa sawa, walijaa. Siku ya pili ya kuwapanga nikaingia nikapata ni mimi na ubao." Akafuta macho kwa mkono wa sweta. "Pengine mimi sifai watu wakubwa. Hiyo sanduku ikienda, narudi kwa watoto wangu wa gredi ya pili na hii mambo ya kujitolea naacha."

Nilimwonea huruma sana. Ninawajua walimu wa kujitolea, na huyu hakuwa mvivu. Lakini sanduku lilikuwa limefungwa na Mwea walikuwa wakisubiri, na mimi nilikuwa na mchana mzima wa kupoteza. Nikamwomba anipeleke kituo cha majani chai, kwa sababu alasiri katika sehemu hizi ukitaka kuona watu, huko ndiko waliko, wakisubiri lori la kiwanda.

Kituoni kulikuwa na kibanda kirefu, mizani, na akina mama wameketi kwenye benchi, vikapu vyao vimejaa mbele ya miguu. Nilitarajia wamwonyeshe Wanjira mgongo. Badala yake walimsalimia kwa furaha, na mmoja akampa kabeji. Nilishangaa. Mtu aliyekukataa hakupi kabeji.

Niliketi karibu na mama mmoja mzee ambaye wote walimwita Shosho Wambura, yaani Bibi Wambura. Macho yake yalikuwa kwenye tangazo la mbolea lililobandikwa ukutani, na midomo yake ilikuwa ikitembea pole pole.

"Shosho, naona unasoma," nikasema.

"Najaribu, msichana wangu. Niliachia katikati."

"Mbona ukaachia katikati?"

Akacheka kidogo, akaniuliza kama Nyeri pia mvua imenyesha. Nikauliza tena kwa njia nyingine. Benchi nzima ikaingia kazini ghafla, kila mmoja akichagua vijiti katika majani ambayo tayari yalikuwa safi.

Ndipo akatokea kijana mmoja na gunia la majani mgongoni. Shosho Wambura alimwona, akavuta kitambaa chake mbele kidogo, akainuka akaenda upande wa pili wa kibanda. Kijana naye akasimama, akainamisha kichwa, akalitua gunia lake mbali kabisa, karibu na mfereji. Hakuna aliyecheka wala kushangaa. Ilikuwa adabu tu, kama kuvua kofia.

"Huyo ni nani?" nikamwuliza mama aliyekuwa karibu nami.

"Ni Murimi. Ameoa Njeri, yule msichana wa mwisho wa Shosho."

Wanjira aliweka mkono mdomoni. "Mungu wangu," akasema kwa sauti ya chini. "Niliwaweka kiti moja."

Basi ikawa wazi. Murimi ndiye aliyesoma vizuri kuliko wote darasani, na Shosho ndiye aliyekuwa anaanza kabisa. Wanjira akawaketisha pamoja, kitabu kimoja kati yao, akamwambia Murimi amrekebishe Shosho kila akikosea, kwa sauti, wote wasikie. Pande hizi mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa umbali. Hawabanani kwenye benchi, na hakika mmoja hamwambii mwenzake "hapana, rudia" mbele ya watu. Wanjira aliijua desturi hiyo tangu utotoni. Ambacho hakujua ni nani ameoa kwa nani. Darasani kwetu watoto ni watoto. Weka yeyote na yeyote, watakachogombania ni penseli tu.

Wala hakuna aliyeweza kumwambia. Kulitaja jambo lenyewe ni aibu nyingine juu ya aibu. Shosho akaacha kuja kimya kimya, akina mama wenzake wakaacha naye, Murimi akaacha kwa haya, na vijana wenzake wakamfuata.

Jioni hiyo tulinunua sukari na mkate tukaenda nyumbani kwa Shosho Wambura. Alitupa githeri ya moto, mahindi na maharagwe, na chai, na hakutuuliza tumefuata nini mpaka tulipomaliza. Wanjira alikiweka kikombe chini.

"Shosho, nisamehe. Sikujua Murimi ni mkwe wako."

"Ungejuaje? Wewe ni mgeni, na mimi singekuambia." Akaongeza kuni kidogo. "Nilikuwa nimeanza kushika maneno. Kanisani sisi akina mama tunasoma kwa zamu. Zamu yangu ikifika, nasema ati nimesahau miwani. Sasa watu wamezoea, wananiletea miwani."

Tulicheka wote watatu, yeye akicheka zaidi. Kisha akaacha.

"Niko na miwani nne sasa," alisema. "Na siwezi kusoma na hata moja."

Sikutaka kumficha, nikamweleza kwamba sanduku limefungwa na kesho linaenda Mwea. Niliona jinsi lilivyomuuma, na nilitamani Mwalimu Gachanja angekuwa ameketi pale kwenye kigoda, na nduma zake, aamue mwenyewe.

"Kabla iende," Shosho akasema, "kesho tutakuja. Lakini viti nitapanga mimi."

Siku ya pili, saa nne. Alikuja mapema na akapanga kweli. Akina mama aliwaweka ndani. Vijana aliwaweka nje kwenye veranda, chini ya mabati, dirisha likiwa wazi. Mke wa mwenye duka hakumweka karibu na mtu anayekopa dukani. Ndugu wawili waliokosana kwa sababu ya shamba aliwapa pembe mbili tofauti. Na Njeri, binti yake, alimketisha kizingitini kabisa, nusu ndani nusu nje. Wanjira alisimama na chaki mkononi akimwangalia kama mwanafunzi. Kisha akaenda akafungua kamba ya sanduku.

Shosho aliomba aanze. Kilikuwa kisa kifupi tu cha mtu na ng'ombe wake. Alikwenda vizuri, kidole chini ya mstari, mpaka akafika kwenye neno refu akakwama. Akalijaribu. Akalirudia. Wanjira alifungua mdomo nami nikamshika mkono, sijui hata kwa nini.

Huko verandani Murimi alikuwa ameketi na kitabu magotini, macho chini. Aliinama kidogo akamnong'oneza mkewe. Njeri akamgeukia mama yake, akalisema lile neno polepole, kana kwamba amelifikiria mwenyewe. Shosho akalitamka akaendelea. Hakuuliza limetoka wapi na wote tulijua limetoka wapi. Alimaliza ukurasa, akalamba kidole, akafunua mwingine.

Mimi nililia, sioni haya kusema. Twahiri alikuwa amefika, ameegemea mlango wa gari.

"Shemeji," akaniuliza kwa sauti ya chini, "nafungua buti kwa sanduku ama kwa machozi?"

"Funga buti," nikamwambia. "Sanduku linabaki."

Wanjira alisikia. Alichukua ile kamba akaikunja, akaiweka mfukoni mwa sweta.

Mwea, alasiri. Kushuka kutoka Kianyaga ni kuvua sweta. Ghafla kila mahali ni maji na mpunga, vinu vya mchele vinanguruma, na bodaboda zinapita na magunia mawili mawili. Mwalimu Njogu, aliyekuwa akituandikia kuomba sanduku, alitupokea na watu wake wote. Walikuwa wamepika pilau. Ukutani kulikuwa na rafu mpya, mbao zake bado zinanukia randa.

"Fundi amemaliza jana," akasema, akitazama nyuma ya Probox.

Nikamweleza. Nilimweleza yote, mpaka miwani, na hakunikatiza. Nilikuwa na vitabu viwili vyangu vya kusoma safarini, nikamkabidhi. Viliwekwa kwenye ile rafu ndefu na vikaonekana vidogo sana.

"Tutaanza na hizi," Njogu akasema. "Lakini Mwalimu, sitakudanganya. Sijafurahi."

"Najua, Mwalimu. Hata mimi."

Pilau ilikuwa nzuri, nami nikaacha nusu ya sahani. Kuwapa hawa haki yao ilikuwa kuwanyang'anya wale, na sikupata njia ya kuwapa wote. Njia ya kurudi, kupitia Sagana hadi Karatina, sikumlaumu Twahiri kwa shimo hata moja.

Wamagana, Jumamosi. Walimu walikuwa wameketi palepale, nduma ziko mezani, na safari hii sikuzigusa kabla ya kusema. Mwalimu Gachanja hakungoja.

"Kwa hivyo umeenda mpaka huko ukarudi mikono mitupu, na Mwea wanalia."

"Ndiyo, Mwalimu. Duara la Kianyaga halikuwa limekufa. Tuliliketisha vibaya." Nikawasimulia, na nikamaliza kwa kile nilichojifunza: kabla hujauliza mtu mzima anajua kusoma kiasi gani, uliza anaweza kukosea mbele ya nani. Nikasema pia kwamba sanduku linalofuata, likipatikana kokote, ni la Mwea, na kwamba mimi ndiye nitakayelitafuta.

Nilisubiri anigombeze. Badala yake alivua miwani, akaishika.

"Kwa duara yangu niko na mzee Theuri na mkwe wake, bibi ya kijana wake," akasema. "Nimewaweka meza moja tangu tuanze. Huyo msichana hajawahi kufungua mdomo."

"Nimemrudisha kitabu cha kwanza mara mbili," akasema Mwalimu Gachanja.